BETRI IKIBADILIKA, BEI YA MAWE HUBADILIKA

Somo letu la leo linahusu betri. Hatuzungumzii betri za tochi, zile tunazozianika juani ili zipate nguvu kidogo. Tunazungumzia betri kubwa zinazoendesha magari, bajaji na pikipiki bila petroli.

Huenda ukauliza, "Magari ya umeme yananihusu nini mimi, mkulima wa mpunga na mwenye fungu moja katika duara la dhahabu hapa Segese?" Yanakuhusu. Nikeli, ambayo ni moja ya madini yanayotiwa katika betri hizo, imo kwa wingi Kabanga, wilayani Ngara. Kiwanda cha kuisafisha kimepangwa kujengwa Kahama, pale Buzwagi ulipokuwa mgodi wa dhahabu. Mpango wa namna hii huwafanya watu wafikirie mambo mengi: viwanja, nyumba za kupangisha, kazi za vijana, na hisa. Wengine hutoa fedha zao. Kabla ya kutoa fedha, inafaa tujue nikeli hiyo inategemea nini.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kueleza kwa nini betri za magari hazitengenezwi kwa madini ya aina moja.
2. Kueleza kwa nini bei ya nikeli ilipanda sana na kisha ikashuka.
3. Kuuliza maswali matano kabla ya kuweka fedha zako katika jambo lolote linalohusu madini ya betri.

BETRI NI GHALA LA UMEME

Betri ni ghala. Kama vile kihenge kinavyotunza mpunga, betri hutunza umeme. Betri ya kwanza ilitengenezwa na Mwitalia, Alessandro Volta, mwaka 1800. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi. Hiyo ndiyo tunayoiita betri ya maji, na bado imo katika magari yetu. Betri ya lithiamu ilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Betri ya simu yako ni ya ukoo huo.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna pande mbili, upande chanya na upande hasi. Chembe ndogo sana za lithiamu husafiri kati ya pande hizo, kama abiria wa kivuko. Unapochaji, abiria huvushwa kwenda upande hasi, na huko hukaa ndani ya madini ya kinywe, ambayo wengine huyaita grafaiti. Unapotumia umeme, abiria hurudi upande chanya.

Sasa, upande chanya umetengenezwa kwa madini gani? Hapo ndipo penye habari yetu.

MAPISHI MAWILI

Mtengeneza betri ni kama mama ntilie. Mteja anataka ugali, lakini unga unaweza kuwa wa mahindi, wa mtama au wa udaga. Mahindi yakipanda bei, mama ntilie huchanganya udaga. Mteja bado anashiba. Anayeumia ni mwenye ghala la mahindi.

Mapishi ya kwanza ya betri za magari hutumia nikeli pamoja na kobalti, na mara nyingi manganizi. Uzuri wake ni kwamba betri huwa nyepesi na hutunza umeme mwingi, kwa hiyo gari huenda mbali. Ubaya wake ni kwamba madini hayo ni ghali. Betri moja kubwa ya gari inaweza kuwa na kilo zipatazo 40 za nikeli.

Mapishi ya pili hutumia chuma na fosfeti. Hayana nikeli hata chembe, wala kobalti. Uzuri wake ni kwamba betri ni ya bei nafuu, hudumu miaka mingi, na si rahisi kushika moto. Ubaya wake ni uzito: kwa umeme uleule, betri huwa nzito zaidi.

Mapishi haya ya pili yaligunduliwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, katika kikundi cha Profesa John Goodenough. Profesa huyo alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Kwa muda mrefu wenye viwanda vya magari waliyadharau mapishi ya chuma wakisema betri zake ni nzito mno. Wachina hawakuyadharau. Waliendelea kuyatengeneza na kuyaboresha mpaka uzito ukawa unavumilika. Mwaka 2020 kampuni ya BYD ya China ilitoa betri ya chuma iliyopangwa kama visu vyembamba, ili nyingi zienee mahali padogo. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla ya Marekani ilitangaza kwamba magari yake ya kawaida yatatumia betri za chuma duniani kote.

Kufika mwaka 2024, karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani zilikuwa za chuma. Huko China kwenyewe zilikuwa karibu robo tatu.

Tuelewane vizuri hapo. Mwaka huo wa 2024 yaliuzwa magari ya umeme zaidi ya milioni 17 duniani. Mtu aliyesikia habari hiyo tu angesema, "Basi nikeli itakuwa lulu!" Lakini magari yaliongezeka na bei ya nikeli ikashuka. Ukihesabu magari bila kuuliza betri zake ni za mapishi gani, utakosea hesabu.

Na mapishi hayajaisha. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri ya sodiamu mwaka 2021, na nyingine iliyo bora zaidi mwaka 2025. Sodiamu ni kitu kilichomo ndani ya chumvi hii tunayotia katika mboga. Wengine wanajaribu betri ambazo ndani yake hakuna maji kabisa, yaani betri yabisi. Hakuna anayeweza kukuapia ni mapishi yapi yatatawala baada ya miaka 20.

HESABU YA UNITI MOJA

Sote tunajua uniti ya LUKU. Betri pia hupimwa kwa uniti hizo. Betri ya gari la wastani hutunza kama uniti 60.

Mwaka 2010, betri ya kutunza uniti moja iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Tufanye hesabu ya betri ya uniti 60:

Mwaka 2010: 60 × dola 1,000 = dola 60,000.
Mwaka 2024: 60 × dola 115 = dola 6,900.

Bei imeanguka mpaka karibu sehemu moja ya tisa. Habari hii ina nyuso mbili. Kwa anayenunua betri ni sherehe. Kwa anayechimba madini ya betri inaweza kuwa msiba. Sisi wa ukanda huu tumesimama pande zote mbili, kwa sababu tunayo mawe na pia tunataka umeme. Shika jambo hilo, tutalirudia.

HABARI YA KABANGA NA KAHAMA

Nikeli ya Kabanga haikugunduliwa jana. Ilijulikana tangu miaka ya 1970, wakati Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilipokuwa likitafuta madini katika eneo hilo. Baadaye kampuni kubwa zilikuja na kuondoka. Barrick na Glencore walikuwa wabia wa Kabanga kwa miaka mingi, lakini mgodi haukufunguliwa. Sheria ya madini ilirekebishwa mwaka 2017, na mwaka 2018 leseni ya kulihodhi eneo hilo ikafutwa.

Tarehe 19 Januari 2021, Serikali ilitia saini mkataba na kampuni mpya. Ikaundwa Tembo Nickel Corporation. Serikali ina asilimia 16 ya hisa, na asilimia 84 ni za Kabanga Nickel, kampuni iliyo chini ya Lifezone Metals. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Oktoba 2021. Mwaka 2024 ikatolewa leseni ya kiwanda cha kusafisha madini Kahama. Mwaka huohuo wa 2021, kampuni kubwa ya Australia iitwayo BHP iliingiza fedha zake katika mradi, na baadaye ikaongeza, mpaka ikawa na asilimia 17 ya Kabanga Nickel.

Mawe ya Kabanga ni mazuri. Yana karibu asilimia 2 ya nikeli, pamoja na shaba na kobalti kidogo. Maana yake, katika kilo 100 za mawe kuna kama kilo 2 za nikeli. Lakini nikeli si dhahabu. Huwezi kuisaga kwa karasha na kuiosha kwenye mwalo. Inahitaji kiwanda kikubwa, kemikali nyingi, umeme mwingi na mtaji wa mamilioni ya dola. Mchimbaji mdogo hawezi kuifuata nikeli kwa sururu kama anavyoifuata dhahabu.

Kwa hiyo faida yetu inapita njia nyingine: kazi, zabuni za vyakula na usafiri, ushuru wa huduma kwa halmashauri, mrabaha kwa Serikali, na gawio la zile asilimia 16.

Julai 2025 ulitolewa upembuzi yakinifu wa mgodi, yaani uchunguzi wa kina wa kuonyesha kama mradi unalipa. Mwezi huohuo Lifezone ilizinunua hisa za BHP, na BHP ikatoka. Hadi wakati huo, miaka 50 hivi tangu nikeli igunduliwe, mgodi ulikuwa haujaanza kuzalisha.

BEI ILIVYOPANDA NA KUSHUKA

Kwa nini BHP iliingia kisha ikatoka? Kampuni ina sababu zake, lakini tukiangalia bei tutaona hali ya hewa ilivyogeuka.

Machi 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, bei ya nikeli katika soko la London iliruka kupita dola 100,000 kwa tani. Soko likalazimika kusimamisha biashara. Bei ile haikuwa ya kweli kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa 2023 tani moja ilikuwa karibu dola 30,000. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu dola 15,000.

Sababu kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Indonesia. Nchi hiyo ilipiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya nikeli mwaka 2020, ikataka yasafishwe nyumbani. Wachina wakajenga viwanda vingi huko, na sasa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia hutoka Indonesia. Ya pili ni hiyo tuliyosoma: betri za chuma zilichukua nafasi ambayo watu walidhani ingekuwa ya nikeli.

Wakubwa waliumia. Oktoba 2024 BHP ilisimamisha kazi zake za nikeli Australia Magharibi. Mwaka huohuo, Koniambo, kiwanda cha nikeli cha Kaledonia Mpya ambamo Glencore alikuwa mbia, kilizima matanuri yake.

Jirani zetu wa Kongo nao waliguswa. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka upande wa Kolwezi. Kobalti ilizalishwa kupita mahitaji, wakati watengeneza betri nao wanapunguza kuitumia. Bei ikaanguka. Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha kabisa kuuza kobalti nje, na Oktoba 2025 ikaanza kuuza kwa mgawo. Hata aliye na mzigo mkubwa kuliko wote hana nguvu yote, maana mnunuzi anaweza kubadili mapishi.

Kushuka kwa bei kunamgusa hata mtu asiye na hisa. Chukua mrabaha wa asilimia 6. Kwa hesabu rahisi:

Tani moja ikiuzwa dola 30,000, mrabaha ni dola 1,800.
Tani moja ikiuzwa dola 15,000, mrabaha ni dola 900.

Mawe ni yaleyale na jasho ni lilelile, lakini fedha ya Serikali ni nusu.

TULIWAHI KUYAONA KWA MKONGE

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Waulize wazee habari za mkonge. Tulipopata uhuru, mkonge ulikuwa zao la kwanza kutuletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Hakuna nchi iliyotushinda.

Kisha dunia ikapata kamba za plastiki. Zilikuwa rahisi, na mkulima wa Ulaya aliyekuwa akifunga majani ya ng'ombe kwa kamba ya mkonge akahamia kwenye kamba ya plastiki. Ng'ombe wake bado walikula, na majani bado yalifungwa. Kilichobadilika ni kamba tu. Bei ya mkonge ikaanguka, na kufika miaka ya 1990 uzalishaji wetu ulikuwa umebaki sehemu ndogo sana ya ule wa zamani. Yalikuwapo makosa ya uendeshaji pia, lakini plastiki ndiyo iliyotangulia kupiga.

Hata hivyo, mkonge haukufa. Unalimwa mpaka leo, na bei yake imewahi kuinuka tena. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na mkonge peke yake.

JE, NIKELI IMEKWISHA?

La, haijaisha. Kuna mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, kama theluthi mbili ya nikeli ya dunia haiendi katika betri. Huenda katika chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko, masufuria mazuri, vyombo vya hospitali na mabomba ya viwandani. Kazi hiyo ipo hata betri zikibadilika.

Pili, magari makubwa na yale yanayosafiri mbali bado yanahitaji betri nyepesi. Huko mapishi ya nikeli bado yana nguvu.

Tatu, mgodi wenye mawe mazuri hustahimili bei mbaya kuliko mgodi wenye mawe hafifu. Wewe mwenye duara unalijua hilo. Bei ya dhahabu ikishuka, duara lenye mawe mabaya ndilo hufungwa kwanza.

Tena yapo madini yasiyotegemea mapishi ya upande mmoja. Tulisema kwamba abiria wa lithiamu hukaa ndani ya kinywe wakati wa kuchaji. Betri ya nikeli inahitaji kinywe, na betri ya chuma vilevile. Tanzania tunayo madini ya kinywe, Ruangwa mkoani Lindi na Mahenge mkoani Morogoro. Shaba nayo hutumika katika nyaya na mota za kila gari la umeme. Lakini nako kuna ushindani. China inashika sehemu kubwa ya usafishaji wa kinywe duniani, na hutengeneza pia kinywe cha viwandani. Hakuna madini yenye dhamana.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA FEDHA

Sasa tuje kwetu. Tuseme mtu anakuja na kukwambia, "Kaka, toa milioni moja, nikeli inakuja, utajuta." Au kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinataka kununua kiwanja karibu na Buzwagi. Msikatae tu, wala msikubali tu. Ulizeni maswali haya.

Swali la 1: Fedha yangu inategemea kitu gani, na je, kitu hicho kina mbadala? Kama faida yote inategemea nikeli ya betri, umeshajua kwamba mbadala upo. Kama inategemea watu wa Kahama kula, kulala na kusafiri, hiyo inategemea mambo mengi, na ni salama zaidi.

Swali la 2: Mradi umefika hatua gani? Mgodi una hatua zake: utafiti, upembuzi yakinifu, leseni, kupata mtaji, ujenzi, halafu uzalishaji. Leseni si mgodi, na kutia saini si mshahara. Nikeli ya Kabanga ilijulikana tangu miaka ya 1970. Mtu aliyejenga nyumba ya wageni wakati huo akitegemea wachimbaji, angezeeka akiwasubiri.

Swali la 3: Nani anapokea fedha yangu, na kwa idhini ya nani? Hisa za Lifezone Metals huuzwa katika soko la hisa la New York tangu Julai 2023. Haziuzwi gulioni, wala na mtu aliyekupigia simu usiku. Hapa nchini hisa huuzwa kupitia mawakala wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wanaofanya kazi hiyo hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayekuuzia "hisa za nikeli" bila leseni hiyo, muache aende zake. Wengi tunaikumbuka DECI, ambayo watu walipanda "mbegu" wakitegemea kuvuna mara mbili. Ilisimamishwa mwaka 2009, na wengi hawakuvuna.

Swali la 4: Bei ikishuka nusu, nitabaki na nini? Mwenye kiwanja chenye hati hubaki na kiwanja. Anaweza kujenga, kulima bustani, au kusubiri. Mwenye karatasi isiyo na mhuri hubaki na karatasi. Kumbuka pia kwamba mgodi wowote una mwisho. Buzwagi ilianza mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Ni miaka 12 tu. Mgodi ukifungwa, ushuru wake hukoma na wapangaji huhama.

Swali la 5: Hii ni sehemu gani ya akiba yangu? Fedha ya chakula, ya shule na ya matibabu usiiguse. Usiuze ng'ombe wote kwa sababu ya habari za gazeti, hata gazeti hili.

MWEKEZAJI WA NISHATI YUMO KIJIJINI

Tulisema habari ya betri ina nyuso mbili. Tumeuona uso wa mchimbaji. Tuutazame sasa uso wa mnunuzi, maana huko ndiko fedha ndogo inaweza kufanya kazi.

Mwekezaji wa nishati si lazima awe tajiri wa London. Mama mwenye sola ya kuchajia simu ni mwekezaji wa nishati. Kinyozi mwenye betri ni mwekezaji. Kikundi kinachotaka kununua bajaji ya umeme ni wawekezaji. Kwao, betri kushuka bei ni nafuu kubwa.

Tazama mfano wa Kigali, Rwanda. Kampuni iitwayo Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme barabarani mwaka 2019. Dereva hasubiri kuchaji. Akifika kituoni huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, kisha anaendelea na abiria wake. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Mabadiliko hayo yakifika kwetu, atakayefaidika ni yule aliyejiandaa: fundi anayejua mota ya umeme, na kikundi chenye sehemu nzuri ya kuweka kituo.

Tufanye hesabu moja ya betri ya sola. Bei hizi ni za mfano tu, ili tujifunze kupiga hesabu.

Betri ya maji: inauzwa shilingi 300,000, inadumu miaka 2.
300,000 ÷ 2 = shilingi 150,000 kwa mwaka.

Betri ya lithiamu ya chuma: inauzwa shilingi 900,000, inadumu miaka 9.
900,000 ÷ 9 = shilingi 100,000 kwa mwaka.

Betri iliyo ghali dukani ndiyo rahisi kwa mwaka. Lakini angalia mambo matatu. Kama utakopa hizo 900,000, ongeza riba katika hesabu. Dai dhamana ya maandishi, maana betri za bandia zipo, na bandia ikifa mwaka wa kwanza hesabu yote imeharibika. Na hakikisha chaja yako inafaa kwa betri hiyo.

Betri iliyokufa usiivunje nyumbani wala usiichome. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka.

MUHTASARI

Nikeli ya Kabanga ni mali ya kweli. Lakini thamani yake haiamuliwi Ngara wala Kahama peke yake. Inaamuliwa pia na wanaochanganya madini katika viwanda vya China, na wanaochimba Indonesia. Wakibadili mapishi, bei hubadilika hata kama mawe hayajasogea. Kwa hiyo tusiweke akiba yetu yote juu ya mapishi ya mtu mwingine. Tuulize, tupige hesabu, na tuanze na kile ambacho kitatufaa bei ikipanda au ikishuka.

MANENO YA KUKUMBUKA

Gawio: sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa.
Mbadala: kitu kinachoweza kutumika mahali pa kingine.
Mrabaha: malipo kwa Serikali kutokana na thamani ya madini yaliyochimbwa.
Upembuzi yakinifu: uchunguzi wa kina wa kujua kama mradi utalipa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bei ya nikeli ilishuka wakati magari ya umeme yanaongezeka?
2. Taja mazao au bidhaa nyingine za kwetu zilizopoteza soko kwa sababu ya mbadala. Wenyewe walifanya nini?
3. Kikundi chenu kina shilingi 2,000,000. Mtu mmoja anataka zote zinunue kiwanja Kahama. Mwingine anataka sola ya kuchajia simu. Tumieni maswali matano, kisha amueni. Andikeni sababu zenu.

ZOEZI LA HESABU

Mawe yana asilimia 2 ya nikeli.
(a) Tani moja ya mawe, yaani kilo 1,000, ina kilo ngapi za nikeli?
(b) Nikeli hiyo ina thamani ya dola ngapi kama tani moja ya nikeli ni dola 30,000?
(c) Na kama tani moja ya nikeli ni dola 15,000?

Majibu: (a) kilo 20, (b) dola 600, (c) dola 300. Hiyo ni thamani ya nikeli kabla ya kutoa gharama za kuchimba, kusafirisha na kusafisha. Ukipata jibu tofauti, rudia taratibu pamoja na mwenzako.